Mpishi Yuko Likizo

Hema lilikuwa limebaki moja tu kwenye rafu, na mikono iliyolishika ilikuwa minne.

Upande huu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke aliyevaa gauni la njano lililomkaa vizuri, na kitambaa cha rangi hiyo hiyo kichwani. Upande ule alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia iliyopaushwa na jua na buti zenye tope kavu. Ilikuwa Jumamosi, duka limefurika, watu wanasukumana na vitoroli vyao.

"Dada, hili hema nimeliona tangu mlangoni," alisema yule mwanamume.

"Pole. Mimi sikuliona. Nimelishika tu."

Akacheka. "Unakwenda nalo wapi?"

"Kulala porini. Na wewe?"

"Mimi mpima ardhi. Nusu ya maisha yangu nalala kwenye mahema, na langu limechanika."

"Basi wewe umeshalala vya kutosha. Mimi sijalala hata siku moja. Niachie."

Akaliachia. Lakini macho yake yakaangukia kitoroli cha Mpishi, na uso ukamkunjamana kama mtu aliyeng'ata limau. Ndani yake mlikuwa na blanketi zito, sufuria la kulishia kijiji na taa ya kioo.

"Hivi vyote utavibeba mgongoni?"

"Kwani kuna punda?"

"Dada yangu, hutafika. Nipe dakika chache nikusaidie, kisha nikuache na hema lako."

Mpishi hakuwa mtu wa kusaidiwa ovyo, ila yule bwana hakuwa na majivuno. Alimtolea blanketi, akamwekea mfuko wa kulalia na godoro jembamba la kukunja. "Baridi ya porini inatoka chini," alimweleza. "Ukilala juu ya ardhi tupu, hata ujifunike mablanketi saba, utatetemeka." Taa ya kioo ikarudi mahali pake, ikaja tochi ya kuvaa kichwani. Kisha akautandaza mfuko wa kulalia sakafuni. "Ingia uupime."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Afadhali ujue hapa kama ni mfupi, kuliko ujue kule."

Mpishi akatazama kulia na kushoto, akavua viatu, akaingia. Mfuko ulimtosha. Taabu ikaja kwenye kutoka, maana zipu ilikuwa imeuma pindo la gauni. Mpima akapiga magoti kuihangaikia, wanunuzi wanazunguka na vitoroli vyao wakiwatazama, na Mpishi, aliyelala chali katikati ya duka kama mtoto mchanga, akashikwa na kicheko mpaka machozi yakamtoka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo.

Zamu yake ya kushangaa ilifika alipoona kikapu cha Mpima: biskuti na maharage ya kopo, basi.

"Mtu mzima na akili zako, hiki ndicho chakula?"

"Kule hakuna jiko la maana."

"Maji ya moto si unayo? Pika wali nyumbani, uukaushe kwenye oveni kwa moto mdogo. Nyama ya kusaga vivyo hivyo, uikaange bila mafuta mengi maana mafuta huchacha. Ukifika unamwagia maji ya moto, unafunika, unasubiri. Na mzigo wake ni mwepesi kuliko hayo makopo."

"Na nikikwama kwenye wali, nimpigie nani?"

Mpishi akaielewa hila, lakini namba akampa.

Mpima alikwama kwenye wali jioni ile ile. Kesho yake akakwama kwenye nyama. Wiki iliyofuata hapakuwa tena na cha kukwamia, ila simu iliendelea kulia, na Shangazi, aliyeishi na Mpishi, akawa akiisikia anapunguza sauti ya redio bila kuambiwa.

"Mpishi wangu, umekula?"

"Mpishi huwa hali, anaonja. Wewe je?"

"Nimekula wali wako. Umekauka kama kokoto, lakini nimeuita wali."

Ndipo Mpima akamwalika. Yeye na wenzake wa ofisini walikuwa wanakwenda kupiga kambi kilimani, karibu na ziwa dogo, na alitaka Mpishi awepo. Mpishi alikausha chakula siku nzima huku akiimba. Kwa miaka mingi alikuwa amewapikia wanafunzi asubuhi, mchana na jioni, na ndoto yake ilikuwa ndogo tu: kulala mahali pasipo na kengele.

Walifika mchana. Mpima akasema, "Jamani, huyu ndiye mpishi niliyewaambia," kisha akaenda kukaza kamba za mahema. Ikawa hivyo. Mpishi, chai iko wapi? Mpishi, huyu hali pilipili. Mpishi, hiyo nyama imebaki? Alichemsha maji, akakoroga, akapakua, akasuuza vikombe. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya misonobari, bosi wa Mpima, mtu wa kitambi na sauti nene, akanyoosha bakuli lake kwa mara ya tatu.

"Mpima, huyu mama umemtoa wapi? Nina sherehe mwezi ujao, nataka nimwajiri na mimi."

Mpishi akamtazama Mpima, akangoja. Neno moja tu lingetosha. Mpima akacheka kicheko kifupi, akainamisha macho. "Ni hodari sana, bosi," alisema.

Asubuhi Mpima alimkuta Mpishi ameshang'oa vigingi vyake vyote, analikunja hema.

"Unakwenda wapi? Si tunaondoka kesho?"

"Nimekuja kupumzika, nimepikia ofisi nzima. Wanafunzi wangu angalau huwa wananisalimia kwanza."

"Mpenzi, nisikilize."

"Hilo neno jana ulikuwa nalo?" Mpishi akavuta kamba ya begi. "Mbona hukulitumia?"

Mpishi akashuka kilimani na gari lililoleta maji, uso mkavu, na hakulia mpaka alipofika kwenye lami.

Simu zilianza siku hiyo hiyo. Mpishi akazipa kisogo, hivyo Shangazi akazipokea.

"Shikamoo, Shangazi. Yupo?"

"Marahaba. Yupo, ila kwako hayupo."

"Naomba umwambie nimekosa."

"Makosa hayatumwi kwa shangazi, baba. Yanaletwa na mwenyewe."

Akayaleta. Alifika shuleni vyombo vya mchana vikiwa vinaoshwa, akasimama kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi. Mpishi akamfuata nje akiwa na aproni yake nyeupe, mvuke ukitoka nyuma yake.

"Bosi nimemweleza," alianza Mpima. "Nimemwambia wewe si mpishi wangu."

"Ukamwambia mimi ni nani?"

"Hapo ndipo nilipokwama hata kule kilimani. Sikujua nina ruhusa ya kukuita nani."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa. Nilishaizoea sauti yako kila jioni. Nikasema, nikiuliza halafu ukakataa, nitakosa hata hiyo. Nikakuacha peke yako mbele za watu. Nisamehe."

Mpishi akafuta mikono kwenye aproni. Hasira ilikuwapo bado, lakini ilikuwa imepoteza miguu yake. "Sijui," alisema. "Nipe muda."

"Jumamosi tunarudi kule kule, watu wale wale. Ukija, usibebe hata kijiko."

Nyumbani, Shangazi ndiye aliyesema la mwisho. "Nenda. Akirudia kosa, simu zake nitazipokea mimi tena."

Jumamosi hiyo Mpishi aliwekewa kiti cha kukunja kando ya ziwa, sweta jekundu mabegani, mikono mitupu. Bosi mwenyewe alimletea chai, akamwomba radhi huku akikwepa macho yake kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Mpima alichuchumaa mbele ya jiko dogo la gesi, akapima maji kwa jicho, akazidisha, akaongeza wali, ukazidi nao. Mpishi alijikalisha kwa nguvu. Kila kiungo kilimtuma ainuke, na hakuinuka.

Kisha Mpima akasimama, mwiko mkononi, wenzake wote wakimtazama.

"Wiki ile niliwaambia huyu ni mpishi," alisema. "Sikuwaambia kwamba nampenda. Leo njiani mmeniuliza huyu ni nani wangu, na safari hii sitajibu kabla sijamuuliza mwenyewe." Akamgeukia. "Niwaambie nini?"

Upepo ulipita juu ya maji. Mpishi akalivuta sweta lake mabegani, kisha akaliachia.

"Waambie ni mchumba wako," alisema. "Halafu zima jiko, wali unaungua."