Mnofu wa Kivukoni

Jua lilikuwa linazama Unaisi alipotoka karamuni na pakacha la nyama ya nguruwe, fungu la mama yake aliyebaki nyumbani. Kwenye kivuko cha kijito, kila mtu wa kijiji kile humega mnofu akamtupia mwenye maji, pepo wa kijito, ndipo avuke. Hata mchungaji wa kanisa humega, akijifanya anakohoa.

Unaisi alivuka bila kumega. Hasira zilimjaa tele. Sereima, shoga yake tangu wakitambaa, alikuwa akimficha jambo tangu msimu wa shelisheli. Akiulizwa, "Si kitu." Leo karamuni walipeana visogo, kisha Sereima akaondoka mapema bila kuaga. Unaisi naye, kwa kiburi, hakumwita. Moyo ulimuuma jamani, maana hakuwa na rafiki mwingine.

Chubwi... chubwi...

Mtu anavuka nyuma yake.

"Unaisi." Sauti ya Sereima, ile ile yenye mkwaruzo. "Usigeuke, shoga. Naona haya."

Nywele zilimsimama. Harufu ya tope ikamjia. Lakini furaha ilimshinda akili.

"Kumbe ulimi unao! Haya, sema. Nini kinakuzuia?"

"Ruhusa yako. Na mnofu."

Unaisi akamega mnofu, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Vidole vilivyopokea vilikuwa baridi. Na virefu mno.

"Chukua. Nakuruhusu. Sema yote."

Vidole vikaufumbata mnofu, vikajiondoa.

Unaisi akatimua mbio.

Nyumbani taa ilikuwa inawaka. Mama yake alikuwa mkekani, na kando yake...

Sereima. Nguo kavu, miguu mikavu.

"Mwenzio yuko hapa tangu jua lingali juu," mama alinong'ona. "Kaja kukuomba radhi, akueleze lililomsibu. Alikuwa anaongea vizuri tu, sasa hivi kakatika katikati ya neno. Umekutana na nini huko, mwanangu?"

Sereima alifungua kinywa. Midomo ikacheza. Sauti haikutoka. Machozi yakamchuruzika.

Unaisi akalitazama pakacha, akapiga magoti.

"Nisamehe, Sereima. Nimeitoa sauti yako kwa mkono wangu."

Nje, chini ya dirisha, maji yalidondoka. Tone... tone...

"Unaisi, shoga," iliita ile sauti yenye mkwaruzo, ikichekacheka. "Toka basi, nikuambie alichokuficha."

Sereima alimkumbatia kwa nguvu zake zote, akitikisa kichwa, hapana, hapana.

Na Unaisi, Mungu amsamehe, alitamani kutoka.