Siku Mama Pacha Alipouliza

Asubuhi nyumba ya Mama Pacha huwa kama soko. Pacha mmoja anatafuta kiatu, mwenzake amekikalia. Baba Pacha, fundi bomba, anapuliza chai huku anafunga mkoba wa vifaa. Mama Pacha anavisha watoto, anafuta pua, kisha anakaza mwendo kwenda karakana ya mikoba, anakoshona.

Siku hizo karakana ilikuwa na mgeni. Mkufunzi alikuwa ameleta cherehani mpya ya kushonea ngozi nzito. Alizungumza Kiingereza tu. Kabla ya kuondoka, angewapa majaribio, kisha amchague mtu mmoja wa kuisimamia. Mama Pacha aliitaka kazi hiyo kwa kufa na kupona.

Tatizo lilikuwa moja. Kila mkufunzi aliposema, wote waliitikia, "Yes, yes!" Walioelewa na wasioelewa. Mama Pacha aliitikia kuliko wote.

Jioni moja mkufunzi alijinyoosha, akasema, "Let's call it a day."

"Yes!" wakaitikia.

Mkufunzi akachukua koti, akaenda zake. Wao wakabaki wamekaa, wanatazamana, mpaka mlinzi akaja na funguo.

"Vipi, mmehamia hapa?" akauliza.

Nyumbani, Baba Pacha aliposimuliwa, alicheka mpaka akapaliwa. "Call ni kuita, day ni siku. Kwa hiyo mlitakiwa kuiita siku! Mngeiita, ingeitika?"

"Cheka tu," alisema Mama Pacha. "Kazi ikinipita, utaendelea kucheka?"

Baba Pacha akafuta machozi ya kicheko. "Basi, mke wangu, yaishe. Tumwite jirani."

Jirani yao aliitwa Dada wa Simu. Alikuwa mpokea simu katika ofisi kubwa, na Kiingereza alikisikia kutwa nzima. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Shoga, kazi yangu mimi ni nini?" aliuliza.

"Kupokea simu. Na kupiga."

"Naipiga kwa fimbo?"

Pacha wakaangua kicheko.

"Na shemeji akikuambia amevunjika moyo, utamfunga bandeji?"

"Huyu? Nitamwambia ajikaze!"

"Umeona? Na Kiingereza nacho kina semi zake. Ukizitafsiri neno moja moja, zinakuponyoka. Tazama msemaji anafanya nini. Mkufunzi alikuwa anafanya nini?"

"Alijinyoosha. Jua lilishazama. Akachukua koti." Mama Pacha alisita, kisha akapiga paja. "Alisema tufunge kazi!"

"Hapo hapo! Tuishie hapa kwa leo."

"Na jana alisema siku ya majaribio nikipata 'cold feet', nimwite. Nikaitazama miguu yangu, naona iko salama."

"Hiyo ni pale unapokaribia kufanya jambo, halafu woga unakuingia, unataka kurudi nyuma. Sisi tungesemaje?"

"Kunywea!" akadakia Baba Pacha.

"Umepata, shemeji. Ukiufahamu usemi wa Kiingereza, utafutie mwenzake wa Kiswahili. Hautakutoka tena."

"Na nisipoelewa kabisa?"

"Uliza. Sema, 'What does that mean?' Yaani, hiyo ina maana gani?"

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, shoga. Kuuliza hakukupunguzii kilo."

Tangu hapo, vyombo vilioshwa kwa Kiingereza. Hata Baba Pacha aliingia darasani. Alipokuwa anatengeneza bomba la jikoni alitamba, "Piece of cake!" Alimaanisha ni kazi rahisi mno. Maji yakamrukia usoni.

Siku ya majaribio ikafika. Wa kwanza alikuwa kijana waliyemwita Kasi, kwa sababu mikono yake haitulii.

Mkufunzi alimwambia, "If the thread slips, nip it in the bud."

"Yes, yes!" Kasi aliitikia, akakanyaga pedali. Uzi ukalegea. Yeye akazidi kukanyaga. Pa! Sindano ikavunjika.

Sindano nyingine ikawekwa. Zamu ya Mama Pacha. Mkufunzi akarudia maneno yale yale.

Uzi aliujua. Mengine hakuyajua. Mdomo wake ulishajiandaa kusema yes. Kijasho kikamtoka. Alijiambia moyoni, hizi ndizo cold feet zenyewe. Akapiga moyo konde, akainua mkono.

"Excuse me. What does that mean?"

"Anatuaibisha huyu," mtu akanong'ona nyuma. Mama Pacha hakugeuka.

Mkufunzi akavuta kiti. Akaulegeza uzi kidogo, akakanyaga, mara akasimamisha cherehani na kuukaza. Kisha akamtazama kuona kama ameelewa.

"Kumbe!" Mama Pacha akawageukia wenzake. "Anasema tatizo tulikomeshe lingali dogo. Uzi ukianza tu kulegea, simamisha!"

Kasi akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mbona sikuuliza mimi?"

Mama Pacha akakanyaga. Katikati ya mkanda wa mkoba aliokuwa anaushona, uzi ukalegea. Akainua mguu papo hapo, akaukaza, akaendelea. Mshono ukatoka umenyooka kama mstari wa rula.

Mkufunzi aliukagua, akaupitisha kwa wote wauone. Cherehani ikawa mikononi mwa Mama Pacha. Na kuanzia saa hiyo mikono ikawa inainuka karakana nzima, wa kwanza ukiwa wa Kasi. What does that mean? What does that mean? Mkufunzi alieleza hadi sauti ikamkauka.

Jua lilipozama, Mama Pacha alizima cherehani yake. Alijinyoosha.

"Let's call it a day!" alisema.

"Yes!" wakaitikia.

Na safari hii, kila mtu alichukua mkoba wake.