Dawati Moja na Filomena

Kila siku masomo yalipokwisha, Nusaiba alizoea kukimbilia kiwanja cha netiboli. Wiki ile hakwenda. Alibaki darasani, kwenye dawati moja na Filomena, huku akiwasikia wenzake wakishangilia nje. Timu yao ya Kawe ilikuwa ikijiandaa kupambana na Mikocheni, na yeye ndiye mfungaji!

Filomena alikuwa mgeni darasa la tano. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia vita Msumbiji, kutoka mji wa Beira. Alijua Kireno, lakini Kiswahili kilimpiga chenga. Mwalimu mkuu alikuwa amesema kwamba asipoweza kujieleza hadi Ijumaa, atapelekwa darasa la kwanza. Msichana wa miaka kumi na miwili akae na watoto wanaong'oka meno! Kwa hiyo Mwalimu Kokuberwa, mwalimu wa darasa, alimkabidhi kwa Nusaiba, aliyeongoza kwa Kiswahili.

"Ile nini?" Nusaiba aliuliza, akionyesha juu ya mlingoti nje ya dirisha.

"Bandeira," Filomena alijibu.

"Bendera! Sema bendera!"

"Bandeira."

"Mbona kichwa kigumu hivyo? Jana bandeira, leo bandeira!"

Wavulana waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. "Bandeira! Bandeira!" waliimba. Filomena alijifunika uso, akachukua mfuko wake, akatoka mbio.

Kesho yake hakuja shuleni.

"Mwalimu, mie nimechoka," Nusaiba alilalamika. "Hataki kujifunza. Nakosa mazoezi bure."

Mwalimu Kokuberwa hakumkaripia. "Nenda kwao ukamwite," alisema tu.

Nusaiba alikwenda amenuna. Alimkuta mama yake Filomena akipakua ugali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kaa... kaa chakula."

Kisha mama akamgeukia binti yake na kumwambia jambo refu kwa Kireno. Nusaiba hakuambulia kitu. Walicheka wao kwa wao, naye akahisi wanamcheka yeye. Masikio yalimwaka. Alitaka kuondoka. Ghafla, katikati ya maneno yale, akasikia "meza". Filomena akaisogeza meza.

"Amesema meza?" Nusaiba aliuliza, akiigusa.

"Meza," Filomena aliitikia. "Kireno, meza."

Nusaiba alishangaa. Alinyoosha kidole kwenye leso iliyoanikwa kambani. "Na hii?"

"Lensu."

"Sie twasema leso!" Alikumbuka mlingoti, na wavulana mlangoni. "Kumbe bandeira ni bendera kwa Kireno. Ulikuwa unanijibu, na mie nikakutukana. Nisamehe, Filomena."

Filomena hakuelewa yote, ila alielewa sauti. Akamfundisha kusema asante kwa Kireno: *obrigada*. Ulimi wa Nusaiba uligoma. Alisema "obirigadada", na Filomena akacheka hadi machozi. Nusaiba alikasirika kidogo, kisha akajaribu tena.

Siku zilizobaki walifanya kazi kwa bidii. Walianza na maneno yanayofanana, kisha wakaunga sentensi. Bado walikorofishana. "Kitabu changu, siyo yangu!" Nusaiba alifoka mara nyingi, lakini sasa alingoja jibu.

Ijumaa mwalimu mkuu aliingia. "Filomena, tueleze habari zako."

Filomena alisimama. "Mimi naitwa Filomena. Mimi natoka Beira. Sasa nyumba... nyumbani kwangu Kawe. Rafiki yangu Nusaiba. Yeye hasira nyingi, lakini yeye nzuri."

Darasa lilicheka, na safari hii Filomena alicheka pia. Mwalimu mkuu aliitikia kwa kichwa akitabasamu. "Abaki darasa la tano," alisema.

Mkuu alipotoka, Mwalimu Kokuberwa aliwageukia wanafunzi. "Mimi nilipokuja Dar kutoka Bukoba, watu walicheka Kiswahili changu, nikakaa kimya miezi mingi. Anayekosea lugha yenu si mjinga. Kichwani mwake ana lugha nyingine ambayo nyinyi hamuijui. Mfundisheni, na nyinyi mjifunze kwake. Kuanzia wiki ijayo Filomena atatufundisha Kireno kidogo kila Ijumaa. Na atakayemcheka mwenzake, ndiye atakayesimama mbele kujibu kwanza kwa Kireno."

Wale wavulana wa mlangoni waliinamisha vichwa.