Jina Alilopewa Msichana wa Chuma

Mashine ya Okoth ya michezo ya televisheni ilianza kulia Jumapili saa nane mchana, na kati ya watu watatu waliokuwa sebuleni kwa mwalimu Odero, mwenye nyumba ndiye peke yake aliyekataa kwamba kile kilikuwa kilio.

"Ni mota," alisema. "Diski ni ya wizi, mota inahangaika kuisoma."

"Mota gani inavuta pumzi katikati?" aliuliza Margret. Margret alikuwa askari wa magereza, mtu wa Lira, jirani wa ukuta kwa ukuta katika zile nyumba za wafanyakazi za Walukuba, wala hakuwa mwepesi wa kutishika. "Sikiliza vizuri, mwalimu. Hii kitu inalia kama mtoto mchanga."

Odero alitabasamu lile tabasamu ambalo wanafunzi wake wa fizikia walilijua na kuliogopa kuliko kiboko.

Okoth, dereva wa lori kutoka Kisumu, alikuwa ameinunua mashine Mombasa kwa mtu aliyetoka Dubai. Mwaka ule wa 1998 michezo ya aina hiyo ilikuwa haijafika Jinja, na Okoth alishajiona tajiri. Tatizo ni kwamba maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, na mtu pekee aliyemjua mwenye televisheni na shahada ya Makerere alikuwa Odero.

Odero aliutazama mchezo kwa dakika kumi akautolea hukumu. Ulikuwa na wasichana wenye macho makubwa kama mabakuli, waliovikwa vyuma mwili mzima, mizinga mabegani na sketi fupi kiunoni, kana kwamba aliyewabuni alishindwa kuamua kama anataka vita au anataka wachumba. Mchezaji huchagua msichana mmoja, humpeleka kwenye mji uliobomoka, huua wengine, kisha huwanyang'anya viungo na kumfungia wa kwake: mkono huu, miguu ile, kichwa kile.

"Na watu wazima wanacheza hii?" aliuliza.

"Wanauza nyumba kwa ajili yake, ndugu yangu," Okoth alisema.

Sasa walikuwa wamekwama kwenye ukurasa wa kumpa msichana jina. Mstari mtupu ulikuwa ukiwaka na kuzimika, na kila Okoth alipobonyeza kitu, kilio kilizidi.

"Kwetu mtoto akilia hivi, wazee wanaita majina ya watu waliokufa," Margret alisema. "Moja, moja. Akisikia la yule anayemtaka, ananyamaza."

"Hata kwetu Tororo wapo wajinga hao," Odero alisema. "Mtoto analia saa nzima, anachoka, analala, wao wanasema babu amekubali. Ngoja niwaonyeshe."

Alikaa mbele ya televisheni, akakunja mikono ya shati, na akaanza kuita wafu wake kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya darasa. Alimwita bibi yake. Mashine ililia. Aliwaita shangazi wawili, na mjomba aliyekufa kwa pombe. Okoth alicheka hadi akashika mbavu. Margret hakucheka. Kisha Odero, kwa kuwa jaribio la nusu kwake halikuwa jaribio, aliita jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miezi kumi na mmoja.

"Nambozo."

Mashine ilinyamaza papo hapo, kama mtoto aliyetiwa ziwa mdomoni.

Mlangoni pa chumba cha kulala alisimama Racheal, binti yake wa miaka tisa. "Baba," alisema, "umemwita mama?"

"Nenda ukamalize hesabu zako," Odero alisema. Akaandika jina lile kwenye mstari, herufi baada ya herufi, ili kuonyesha kwamba halimtishi.

Jumatatu alfajiri Okoth aliondoka na lori lake kwenda Mombasa, mashine ikabaki. Odero alijiambia kwamba atacheza kidogo baada ya shule ili ajue ni upumbavu wa kiasi gani. Jioni ile msichana wake wa chuma alimwangusha adui, naye Odero akamfungia mkono wa kushoto ulio bora zaidi. Sebule ilijaa harufu ya chuma kilicholowa. Wakati wa chakula Racheal aliangusha kikombe.

"Baba, mkono wangu umelala. Hauamki."

Jumanne alimwekea msichana miguu mirefu yenye visigino vya chuma. Jumatano asubuhi Racheal hakuweza kusimama. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, kwa kuwa kwa mganga yule kila kitu kuanzia jino hadi talaka kilikuwa malaria, akamdunga sindano. Odero alimdharau, akamlipa, akambeba mtoto hadi kwa Margret, akarudi kwenye mchezo.

Margret alimfuata hadi mlangoni. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Mwalimu, jana ukiwa shuleni mimi nilikuwa nimetoka zamu. Mtoto nilikuwa naye kwangu. Nyumba yako ilikuwa na kufuli. Ndani kulikuwa na mtu anatembea."

"Panya."

"Panya haivai viatu vya chuma. Alitoka jikoni, akaenda chumbani kwako, akakaa kwa kitanda. Nilisikia kitanda."

"Afande Margret, serikali inakupa bunduki. Nitaiandikia barua."

Alifunga mlango. Jioni hiyo msichana wa chuma alishinda pambano kubwa, akapewa kichwa kipya. Odero alimfungia. Uso ukageuka polepole kutoka kwenye vifusi vya ule mji, ukamtazama, na mdomo uliokuwa haujawahi kusema neno lolote ila milio ya kupigana ukasema kwa Kiswahili, kwa ile lafudhi ya Mbale inayoikokota kidogo herufi ya mwisho:

"Baba Racheal, umekula?"

Mke wake alikuwa akimwuliza hivyo kila siku kwa miaka kumi na miwili, na kila siku yeye alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu. Sasa aliinua macho.

"Sijala," alijibu.

Baada ya dakika chache Margret aligonga ukuta mara tatu, akapiga kelele kwamba mtoto amekuwa bubu, anafungua mdomo na hakuna kitu kinachotoka. Na hapa haifai kumfichia aibu: Odero alielewa. Alikuwa mtu wa kupima na kulinganisha, na vipimo vilikuwa vitatu, vyote vikielekea upande mmoja. Alielewa Jumatano jioni, na Alhamisi alitoroka vipindi viwili vya mchana akaja kucheza.

Saa tisa umeme ulikatika, kama ilivyo desturi ya mji uliojengwa kando ya bwawa linalowasha nchi nzima. Redio za majirani zilinyamaza moja baada ya nyingine, cherehani ya fundi wa ng'ambo ya barabara ikakata mlio, na kimya kile kikafika hadi sebuleni kwa Odero na kukuta televisheni bado inawaka, msichana bado amesimama katikati ya mji uliobomoka na mkono wa Racheal ukining'inia begani mwake, na Odero alipoinama na kuichomoa waya ya ukutani, akaushika ule mkia uliokufa kiganjani mwake, kioo kilizidi kung'aa, na harufu ya chuma kilicholowa ikachanganyika na harufu ya mafuta ya nazi ambayo mke wake alijipaka shingoni baada ya kuoga, na sauti ile ikaja kwa upole, si kutoka kwenye kioo tena bali kutoka nyuma ya kiti chake, karibu sana na sikio, ikisema kwamba amefanya vizuri, kwamba kimebaki kitu kimoja tu.

"Bado moyo, Baba Racheal. Niwekee moyo, nije nikupikie."

Kwenye kifua cha msichana palikuwa na tundu la duara. Kando yake moyo wa chuma ulikuwa ukidunda, ukisubiri kubonyezwa. Kidole gumba cha Odero kilikuwa juu ya kitufe, na hakuna mtu atakayejua kama kingeshuka, kwa sababu Margret aliupiga mlango teke, komeo likang'oka, akaingia na Racheal mikononi. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu.

"Msomi," Margret alisema. "Umesoma mpaka Makerere, na mtoto huoni?"

Ijumaa Odero alifika Mbale, kwao Nambozo, akiwa amembeba Racheal mgongoni na mashine ndani ya gunia. Annah, mdogo wa marehemu, alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Namakwekwe. Aliangalia gunia kwanza, kisha mtoto.

"Shemeji, kwa mazishi ya dada yangu ulikuja na suti ukakaa kwa gari. Leo umekumbuka njia?"

Lakini alikwenda mbio kumwita Hajati Nulu, mjane wa sheikh, mwanamke mwembamba aliyetibu wenye majini katika mtaa ule na kuuza sambusa. Nulu alichoma ubani, akasoma aya kwa muda mrefu juu ya kichwa cha Racheal, kisha akamgeukia Odero.

"Jini huyu hana jina. Alikuwa upepo tu, anazurura ndani ya vyombo vya watu. Nani alimpa jina la kukalia?"

"Mimi. Ilikuwa mzaha."

"Yeye hajui mzaha. Umemwita kama wazee wanavyoita mtoto, amekubali. Sasa mimi siwezi kumtoa. Aliyempa jina ndiye anamnyang'anya."

"Kwa namna gani, Hajati?"

"Anakaa kwa sababu jina linapendwa hapa. Mdharau. Mwambie machoni, kwa hilo jina. Usimwombe hata kidogo, ukimwomba anakula moyo wa mtoto. Shemeji yako huyu ananiambia wewe unadharau watu bure kila siku. Leo fanya kazi."

Waliiweka mashine kwenye kiti. Hakuna aliyeiunganisha na umeme. Jua la saa sita lilikuwa limejaa chumbani, na ndani ya jua hilo kioo cha televisheni ndogo ya Annah kiliwaka chenyewe, msichana akageuka.

"Baba Racheal," alisema. "Umenileta nyumbani."

Annah alijishika mdomo. Ilikuwa sauti ya dada yake, haikupungua kitu.

"Nambozo," Odero alisema, "ulikuwa unaunguza wali."

Msichana alicheka, na Racheal mkekani akakoroma, akatafuta hewa.

"Nambozo, ulikuwa unakoroma. Ulikuwa unaimba kanisani kwa sauti mbaya."

Kicheko kilizidi. Nulu alimpiga begani kwa kiganja.

"Hayo ni mapenzi, mwalimu! Mtoto anakufa. Dharau!"

Odero alimtazama binti yake, kisha akakitazama kioo. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu wake ulimfanya Annah arudi nyuma hadi ukutani.

"Nambozo, uliacha shule darasa la sita, na mimi niliona aibu. Wenzangu wa chuo walipouliza mke wangu anafanya nini, niliwaambia ni mwalimu. Siku ya mahafali nilikuambia kadi ya mwaliko ilikuwa moja. Zilikuwa mbili. Ulipozungumza mbele ya wageni nilihesabu makosa yako, na nilipokukuta unasoma daftari za mtoto ili ujifunze, nilicheka nikaenda kuwasimulia. Hukuwa mtu wa kukaa nami meza moja. Hiyo ndiyo thamani ya jina ulilolikalia. Nililidharau likiwa hai. Toka."

Alisema kweli tupu, ndiyo sababu ilifanya kazi. Uso wa msichana ulikunjamana kama bati linaloungua. Mkono wa kushoto ulianguka, kisha miguu, kisha kichwa, na kutoka mdomoni mwake ulitoka ule ule mlio wa mtoto asiye na jina, ukapita juu ya vichwa vyao, ukatoka dirishani, ukaenda ukipungua juu ya mabati ya Namakwekwe hadi ukaisha. Kioo kilikuwa cheusi. Mashine ilitoa moshi kidogo, basi.

Racheal alivuta hewa kwa nguvu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikunjuka. Aliketi mwenyewe, akakohoa, na Nulu akamnywesha maji. Annah alikuwa akilia bila sauti, hamtazami shemeji yake.

Odero alipiga magoti kwenye mkeka. "Racheal, mwanangu. Sema kitu."

Sauti ya mtoto ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Mama alijua, Baba," alisema. "Kadi ya pili aliiona kwenye koti lako. Aliniambia nisikuambie."