Spika Mgongoni mwa Kiredio

Haya nimesimuliwa na binti yangu Jumapili iliyopita, alipokuja kunisalimia nikamkalisha chini nimsuke. Mtu akisukwa hana pa kukimbilia, husema yote. "Mama," akaanza huku anacheka, "nikupe kituko cha mjukuu wako?"

Mjukuu mwenyewe ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Hata akipiga mswaki huongea na povu linamtoka. Kila akitoka shule huvua viatu mlangoni, huosha vyombo vya mchana, kisha hukaa dirishani na kiredio chake.

Kiredio hicho ni kicheza muziki kidogo cha kuenea kiganjani. Shangazi yake alikitumia mpaka kikachoka, ndipo akampa. Kilikuwa kimefungwa mpira betri isidondoke, na kilizimika kabla wimbo wa pili haujaisha. Shangazi mtu akaona haya kutoa zawadi mbovu, akakipeleka kwa mama fundi wa pale barabarani.

Kilipotoka kwa fundi, hakuna aliyekitambua! Betri mpya, kinaimba kutwa nzima. Memori kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, lakini imebeba nyimbo ambazo mimi nikiziimba zote sauti itakauka. Redio kinashika. Kioo kinawaka na kuandika jina la wimbo. Na mgongoni kina vitundu kama vya chujio la chai, ndani yake fundi ameweka spika isiyozidi kifungo cha koti. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, muziki unatoka nje na chumba kizima kinasikia. Nimekishika kwa mikono yangu mwenyewe. Yule mama ni fundi kweli!

Jioni kiredio kilipofika nyumbani, baba yake akauliza, "Kinatoa sauti nje? Niwe nasikia habari nikinyoa ndevu."

Chiriku akapiga hesabu zake. Kiredio kitakaa kabatini, baba na habari zake, mama na kwaya yake, yeye abaki kusubiri zamu. Akajibu, "Hapana, baba. Ni cha masikioni tu."

"Basi ni chako," baba akasema, na yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Siku chache baadaye mdogo wake wa miaka mitano, Kibonge, alifanyiwa upasuaji wa macho. Alirudi nyumbani na bendeji iliyozunguka kichwa, imefunika macho na masikio. Daktari alikuwa ameonya kwamba mtoto alale chali, atulie, asilie wala asijisugue, maana mshono ukifumuka jicho linaweza kuharibika.

Haya, mwambie mtoto aliye gizani asilie! Kibonge kila mara alipeleka mikono kwenye bendeji, mama yake anaishika. Mama akaimba mpaka koo likakauka. Baba yeye ana hadithi moja tu, ya mbuzi aliyekula tiketi ya basi.

"Baba, huyo mbuzi si ameshaila?" Kibonge akalalamika. "Nyingine!"

Mama akamgeukia Chiriku. "Hebu lete kiredio chako. Aa, nimesahau, masikio yamefungwa, vya kuchomeka havitaingia. Laiti kingekuwa na spika."

Chiriku, mwenye maneno yote yale, akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake mchana Kibonge akaanza kulia kwa kwikwi. Chiriku akachomoka. "Mama, nakwenda kwa fundi akiwekee spika!"

"Nenda, mwanangu. Mungu akubariki."

Baraka ile, alisema baadaye, ilimchoma kuliko fimbo.

Alimkuta mama fundi mezani, miwani ya kukuza imepandishwa kwenye paji la uso, kipande cha waya mdomoni.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba. Kimegoma?"

"Hakijagoma. Ila mama yangu akikuuliza, naomba useme spika umeiweka leo."

Fundi akatoa waya mdomoni. "Leo? Na ile niliyoiweka imekwenda matembezi?"

Chiriku akamweleza yote, mpaka bendeji. Fundi akaacha utani.

"Sikiliza, binti. Kifaa kilichovunjika waziwazi nakitengeneza upesi. Kinachonitesa ni kile ambacho mwenyewe kwanza alificha ubovu kwa gundi. Sasa wewe unataka nikuongezee gundi? Rudi ukaseme. Na ukimbie, mwenzako analia."

Alifika anahema. Mama yake alikuwa amemshika Kibonge mikono yote miwili.

"Mama, spika ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Niliwadanganya. Sikutaka kugawana."

Mama akamtazama. "Kukusema nitakusema. Washa kwanza."

Akabonyeza kitufe. Wimbo ukatoka taratibu, safi, kama mwimbaji amekaa kitandani pale. Kibonge akakatisha kwikwi.

"Dada, nani huyo?"

"Ni kiredio."

"Amekuja na ngoma?"

"Na ngoma, na gitaa."

"Mwambie asiondoke."

Mikono yake ikalegea, mama akaweza kuiachia. Niwatoe wasiwasi, wajukuu zangu: bendeji ilipofunguliwa macho yalikuwa mazima, na leo Kibonge anamwona nzi akiwa ukuta wa pili.

Mchana ule mama akamvuta Chiriku karibu. "Uliposema uongo ulidhani unatunyima muziki mimi na baba yako. Hukujua atakayeumia ni huyu. Ndiyo maana nawaambia mseme kweli hata kwenye jambo dogo, kwa sababu hamjui kesho litamhusu nani. Lakini umekuja kusema mwenyewe, na hilo nimeliona."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na vyombo vya usiku ni vyako mpaka mwenzako apone."

"Hata sufuria ya uji?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Kibonge ndiye aliyetangulia kulala, mdomo wazi. Chiriku akamfuata, kajikunja miguuni pake, hata sare ya shule hakuvua. Binti yangu akaegemea ukuta, kiredio kikiimba kifuani kwake.

"Mama," akaniambia nikimalizia kumsuka, "wimbo wa kwanza niliusikia wote. Wa pili nusu. Wa tatu mpaka leo siujui."