Nani Ataitikia Amina?

"Swali la mwisho," mke wa Fundi alisema, ameishika karatasi kama profesa. "Je, mwenye hekima anamhitaji mwenzake?"

Fundi alikohoa. Kutwa alitengeneza friji za watu, jioni alisomea shahada ya uzamili ya falsafa ya kale, na keshokutwa angetetea tasnifu yake. Mwanafunzi mwenzake aliyeahidi kumfanyisha mazoezi aliugua, ndiyo maana mkewe alikuwa mtahini.

"Hapana. Wanafalsafa wangu wa kale wanasema mwenye hekima hupenda, ila hahitaji. Akiondokewa, anabaki mzima."

"Toa mfano, bwana mkubwa."

"Mfano... wewe. Nakupenda. Lakini ukiondoka leo, nitabaki mzima vilevile."

Mkewe alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Rudia."

"Aa, mke wangu, ni hoja tu!"

"Hoja? Miaka yote hii nakula nikiutazama mgongo wako. Nikiongea, eti subiri nimalize ukurasa. Nikajua masomo yamekubana. Kumbe hunihitaji, na umeandika kitabu kizima kulithibitisha hilo!"

"Sikumaanisha..."

"Basi baki mzima, tukuone."

Alitia nguo chache kwenye begi, akaenda kwa dada yake.

Jioni ile Fundi alichemsha chai, akamimina vikombe viwili, kisha chai ya kimoja akairudisha birikani. Akapiga magoti na kuomba kwa sauti, kama desturi yake. Alimwombea mkewe, akauombea na mtihani.

"Amina," alimaliza.

Amina ya pili haikuja.

Tangu waoane, yeye aliomba na mkewe akaitikia. Hata walipogombana, Amina ya mkewe ilikuja, fupi na kavu, lakini ilikuja. Sasa alibaki magotini, akisikiliza friji yake ikinguruma jikoni.

Akapiga simu. Ikapokelewa na dada mtu.

"Shemeji, nipe niongee naye."

"Anasema mwenye hekima hahitaji simu."

"Shemeji, jamani!"

"Mimi mjumbe tu. Ila nina langu pia. Unakumbuka mwezi uliopita alirudi macho mekundu, akakwambia ni mafua? Alikuwa hapa, amelia kutwa. Wewe ukasema pole, ukafungua kitabu."

Fundi alikata simu. Baadaye akaandika ujumbe: "Nisamehe. Nimeomba, hakuna aliyeitikia."

Ulisomwa. Haukujibiwa.

Siku ya utetezi alijibu vizuri hadi Profesa, mkuu wa watahini, alipofungua sura ya mwisho.

"Tueleze. Mwenye hekima anamhitaji mwenzake?"

Jibu alikuwa nalo kichwani. Akaifunga nakala yake ya tasnifu.

"Niliandika hapana, Profesa. Leo siwezi kulitetea jibu hilo."

"Unaelewa unachosema? Sura nzima inaanguka. Wenzako watahitimu, wewe utabaki."

"Naelewa."

"Una hoja gani dhidi yake?"

"Bado naitafuta. Ninachojua ni kwamba niliondokewa, na sikubaki mzima."

Alipotoka, mkewe alikuwa kwenye benchi la ukumbini, begi mapajani.

"Umepita?"

"Wamenirudisha. Sura ya mwisho niiandike upya."

"Lile swali?"

Akaitika kwa kichwa.

"Mungu wangu! Nimekaa hapa nakuombea! Kwa nini hukujibu ulichoandika?"

"Ningekuwa nasema uongo."

Mkewe alimtazama sana. Alikuwa amekonda uso, na Fundi aliona aibu kwamba hakujua ni kwa siku hizi mbili au ni kwa muda mrefu.

"Bado nina hasira na wewe, usijidanganye."

"Kasirika. Ila njoo ukasirikie nyumbani."

"Na hiyo sura utaiandikia wapi?"

"Mezani, nimekuelekea wewe."

"Ukinipa mgongo tena, narudi kwa dada."

Fundi alilichukua lile begi. Wanafunzi walikuwa wakipita, lakini aliinamisha kichwa palepale.

"Bwana, asante kwa kumleta. Nifundishe kumwona." Aliogopa kumaliza.

"Malizia basi, watu wanatutazama."

"Amina," alisema.

Akangoja.

"Amina," mkewe akaitikia, fupi na kavu.