Herufi Alizozikariri Fundi

Kila asubuhi fundi seremala hufungua karakana iliyo mbele ya nyumba yake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, hupiga randa. Fundi hupima na kukata. Wamefanya hivyo miaka kumi na miwili.

Siku moja mteja alirudisha mlango. Ulikuwa mwembamba kwa sentimita tano.

"Umechezea vipimo vyangu," fundi alimwambia shemeji yake.

"Shemeji, vipimo umeandika mwenyewe pale ukutani. Themanini na nane. Umekata themanini na tatu."

"Unanifundisha kazi?"

Fundi alirusha kipande cha mbao. Kikagonga ukuta. Shemeji akavua aproni.

"Hii ni mara ya tatu wiki hii. Mimi si wa kufokewa." Akaondoka.

Mke wa fundi alitoka ndani, mikono ina povu la sabuni.

"Umemfukuza kaka yangu?"

"Ameondoka kwa miguu yake."

"Ulimwona, au ulisikia tu hatua?"

Fundi alikuwa na kisukari kwa mwaka wa tisa.

"Macho yangu mazima," alisema. "Mwezi uliopita kliniki nilisoma herufi zote, mpaka mstari wa chini."

"Ulisomaje? Jana umelisalimia koti lililoanikwa kwenye kamba. Tena ukalisubiri liitikie."

Fundi aliketi juu ya mbao.

"Nilizikariri. Ubao wa herufi uko karibu na benchi la kusubiri. Niliusogelea, nikazishika zote kichwani."

Mkewe hakucheka.

"Umemdanganya nani? Muuguzi aliyekupima alirudi kwao na macho yake mazima."

"Wakijua, wataniambia niache msumeno. Nikiacha msumeno, nabaki nani katika nyumba hii?"

"Utabaki mume wangu, japo kwa sasa huvumiliki. Kesho tunakwenda wote."

Kesho yake fundi alimweleza muuguzi wa macho ukweli. Muuguzi alikunja uso.

"Umekosea. Sisi pia tumekosea kuweka ubao pale. Leo unahamishwa. Lakini mwezi uliopita ulikataa hata matone ya kupanua mboni. Ulisema una haraka. Kusoma herufi peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kusoma vizuri na huku ugonjwa umeshaanza. Lazima tutazame ndani ya jicho."

Safari hii alikubali matone. Daktari aliona mishipa midogo ya damu nyuma ya macho inavuja. Alipanga matibabu ya sindano.

"Nitaona kama zamani?" fundi aliuliza.

"Siwezi kukuahidi," alisema daktari. "Tunalinda uwezo uliobaki. Ukiona vidoa vyeusi vingi ghafla, au kama pazia mbele ya jicho, njoo siku hiyo hiyo."

Walipotoka kwa daktari, mke alimgeukia muuguzi.

"Na hizi hasira? Nyumbani hatupumui."

"Wagonjwa wengi wa macho ya kisukari hupata hofu," muuguzi alijibu. "Wengine hukosa usingizi. Wengine hugombana na kila mtu. Si wazimu. Lakini hofu inaweza kupandisha sukari. Tena humfanya mtu akwepe kliniki, na jicho linazidi kuharibika."

"Kwa hiyo nicheke tu?" fundi aliuliza kwa ukali.

"Hapana. Kasirika ukitaka. Ila taja unachokiogopa, umtajie mtu. Kila Ijumaa kuna mshauri hapa, na wagonjwa wenzako huja. Msumeno usiushike mpaka daktari akuruhusu."

Siku hiyo hiyo fundi alikwenda kwa shemeji yake.

"Nilikuonea. Sioni vizuri, na naogopa."

"Ungesema tangu mwanzo," shemeji alijibu, bado amenuna. "Nani atakata sasa?"

"Wewe. Mimi nitapiga msasa. Vidole vyangu bado vinajua mbao."

Shemeji alirudi kazini. Fundi alikwenda kwa mshauri kila Ijumaa, alimeza dawa kwa saa zake na hakukosa sindano hata moja. Baada ya miezi sita sukari yake ilikuwa imeshuka, na daktari alisema macho hayajazidi kuharibika.

Hasira hazijaisha. Asubuhi ya kliniki iliyofuata, fundi alisimama mlangoni bila kuvaa viatu.

"Leo naogopa," alisema.

"Na mimi nimekasirika," mkewe alijibu. "Tunachelewa. Vaa viatu, tutaongea njiani."

Akavaa.